Mahindi na Muhogo: Chakula Kilisafiri, Siri Ikabaki Nyumbani

[Muziki wa kipindi. Unashushwa taratibu.]

MTANGAZAJI: Hamjambo nyote mnaotusikiliza mkiwa kwenye foleni ya maji, mkiwa jikoni, au mkiwa mmekaa nje ya nyumba mkichambua maharage. Na wewe unayesoma kipindi hiki kwenye karatasi kwa sababu redio imeishiwa betri, karibu pia.

Swali ambalo kina mama hutuuliza mara nyingi kuliko yote ni hili: familia ya watu saba italaje mwezi mzima kwa posho isiyotosha? Ni swali la sufuria, lakini leo nitalijibu kwa historia. Kwa nini historia? Kwa sababu watu wengi kabla yetu walijaribu kubana matumizi ya chakula. Wengine walibana vizuri, watoto wao wakakua. Wengine walibana mahali pasipofaa, wakapoteza ngozi, akili au miguu. Tofauti kati yao haikuwa pesa peke yake. Mara nyingi ilikuwa jambo dogo ambalo bibi mmoja alilijua na mwingine hakuambiwa.

Tuanze na vyakula viwili ambavyo sisi watu wa Kongo, Burundi na nchi jirani tunavijua kuliko vyote: mahindi na muhogo. Msikilizaji, hivi vyote viwili ni wageni. Babu wa babu zetu wa zamani walikula mtama, ulezi, ndizi, magimbi na kunde. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, vikaletwa Afrika kwa meli za Wareno katika karne ya 16. Vilivuka bahari, vikapanda mito, vikapita sokoni na mashambani mpaka vikafika kwetu. Leo mtoto ukimwambia ugali si wa asili ya Afrika atakucheka.

Lakini mgeni anaposafiri kwa haraka huacha vitu nyuma. Hilo sisi tunalijua. Mahindi nayo yaliacha kitu nyuma.

Wenyeji wa Meksiko walianza kulima mahindi miaka 9,000 hivi iliyopita. Baadaye wakagundua namna ya kuyaandaa. Hawakuyasaga hivi hivi. Waliyachemsha kwenye maji yenye chokaa au majivu, wakayaacha yalale humo usiku kucha, asubuhi wakayaosha mpaka ganda likatoka. Ndipo wakayasaga kwenye jiwe, wakapika mikate myembamba, wakaila pamoja na maharage. Watu wa nje walidhani ile chokaa ni ya kulainisha ganda tu. Kumbe ndani ya mahindi mna vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa kama nafaka iliyofungiwa ghalani. Tumbo la mtu haliwezi kuifungua. Chokaa na majivu ndiyo ufunguo.

Wazungu walichukua mbegu, hawakuchukua ufunguo.

Mwaka 1735, daktari wa Kihispania aliyeitwa Gaspar Casal aliona ugonjwa mpya kwa wakulima maskini wa Asturias, kaskazini mwa Hispania. Ngozi ya mikono na miguu iliwaka ikawa na magamba, na shingoni ikajichora alama ya kuzunguka kama mkufu. Hadi leo madaktari wanaiita alama hiyo mkufu wa Casal. Huko Italia ugonjwa ukaitwa pelagra, maana yake ngozi yenye kukwaruza. Na Waitaliano maskini wa kaskazini walikuwa wanakula nini? Walikula polenta. Msiogope jina. Polenta ni unga wa mahindi uliosongwa kwenye maji ya moto. Kwa lugha yetu ni ugali. Walikula ugali asubuhi, mchana na jioni, na pembeni ya ugali hapakuwa na kitu.

Pelagra haikomi kwenye ngozi. Inafuata kuhara, kisha kuchanganyikiwa akili, na mwisho kifo. Kwa miaka karibu 200 wataalamu walibishana. Wengine walisema ni mahindi yaliyooza. Wengine walisema ni vijidudu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa ukashika majimbo ya kusini mwa Marekani, kwa watu weusi na weupe maskini waliokuwa wakifanya kazi kwenye mashamba na viwanda vya pamba. Inakadiriwa watu wapatao 100,000 walikufa huko.

Mwaka 1914 serikali ya Marekani ilimtuma daktari Joseph Goldberger akachunguze. Alipoingia kwenye vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili aliona jambo ambalo wengine hawakulitilia maanani. Wanaolala pale wanaugua, wanaowahudumia hawaugui. Kama ni ugonjwa wa kuambukiza, mbona unachagua? Akatazama sahani. Kwenye vituo viwili vya yatima, katika mji wa Jackson, jimbo la Mississippi, akaagiza watoto waongezewe maziwa, mayai, nyama na maharage. Pelagra ikatoweka. Mwaka 1915 akageuza jaribio. Wafungwa waliojitolea, kwa ahadi ya kuachiwa huru, wakapewa chakula cha mahindi na wanga mtupu kwa miezi kadhaa. Kati ya 11 waliofika mwisho, 6 walipata pelagra. Bado kuna waliokataa kuamini. Basi Goldberger, mke wake na wenzake wakadungwa damu ya wagonjwa ili kuonyesha kwamba ugonjwa hauambukizi. Hakuna aliyeugua. Mwaka 1937 ndipo Conrad Elvehjem alipogundua kuwa dawa yenyewe ni niasini.

Mtasema: mtangazaji, hayo ni ya Wazungu na ya zamani, yanatuhusu nini? Ngojeni.

Miaka ya 1980, vita vilipopamba moto Msumbiji, watu walikimbilia Malawi. Kufikia mwaka 1990 walikaribia milioni moja. Waliishi kwa posho kama sisi: mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Kilichobeba niasini katika posho ile kilikuwa karanga. Mwaka 1989 ugavi wa karanga ukavurugika. Kikombe cha karanga kikaondoka, mahindi yakabaki. Tumbo lilijaa, lakini mwili ulikuwa na njaa. Kati ya Februari na Oktoba 1990, zaidi ya wakimbizi 17,000 waliandikishwa kuwa wana pelagra, na wanawake waliugua zaidi kuliko wanaume. Ule mkufu wa Casal wa mwaka 1735 ukaonekana shingoni mwa mama wa Msumbiji kambini.

Watafiti wakauliza: katika kambi hiyo hiyo, kwa posho hiyo hiyo, nani hakuugua? Majibu yao nayapenda, kwa sababu si mambo ya matajiri. Waliookoka zaidi ni wale waliopata karanga kidogo, wale waliokuwa na bustani, na wale waliosaga mahindi yao nyumbani. Kwa nini kusaga nyumbani? Kwa sababu mahindi yakikobolewa sana ili unga uwe mweupe, sehemu kubwa ya vitamini inabaki kwenye pumba. Unga mweupe wa sembe unapendeza machoni. Dona ina uzito wa kweli. Mama mwenye kusaga mahindi yake bila kutupa kitu alibana matumizi na akalinda ngozi ya watoto wake kwa kazi moja.

Sikilizeni vizuri hapa. Hakuna mama wa Malawi aliyekosea. Karanga zilikosekana kwa sababu ya ugavi, si kwa sababu ya uvivu wa mpishi. Lakini historia hii inatupa neno la kusema. Siku kunde, maharage au karanga zinapopungua kwenye mgao, tusiseme tu "tumepunguziwa mboga". Tuulize kwa heshima kwenye mikutano ya viongozi wetu: badala yake kuna nini? Swali hilo si ulafi.

[Muziki mfupi.]

MTANGAZAJI: Karibuni tena. Tulikuwa kwenye mahindi, sasa tugeukie muhogo.

Muhogo ulitoka Brazili na nchi za jirani zake. Una aina tamu na aina chungu. Ule mchungu wakulima wanaupenda kwa sababu nguruwe, panya na hata wezi wanauogopa, na unastahimili udongo mbovu. Uchungu wake una sumu ya sianidi. Wenyeji wa Amazonia waliukuna, wakaukamua maji kwa mfuko mrefu uliosukwa, kisha wakaukaanga ukawa unga mkavu. Na muhogo ulipofika Kongo, bibi zetu wakabuni njia yao: kuuroweka mtoni au shimoni siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kuumenya, kuuanika, kuutwanga. Kutoka hapo tukapata ugali wa muhogo, tukapata kwanga ya Kongo, Warundi wakapata ubuswage, na watu wa upande wa Kigoma wakapata udaga. Ile harufu kali ya muhogo uliorowekwa, ambayo vijana tunaiziba pua, ni harufu ya muhogo ukichachuka, na hapo ndipo sumu inapoondoka.

Siku tatu. Hiyo ndiyo siri ya muhogo. Na siku tatu ni kitu rahisi sana kubana mtu anapokuwa na njaa.

Mwaka 1938 daktari Mwitaliano aitwaye Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa ajabu huko Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa. Hauna homa kubwa, hauna maumivu mengi, na hauna dawa ya kuurudisha mguu. Wayaka waliuita konzo, kwa maana ya miguu iliyofungwa. Unashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Baadaye ikajulikana kwamba unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usiotolewa sumu vizuri, kwa wiki nyingi mfululizo, bila samaki, nyama wala maharage. Mwili unahitaji protini ili kuivunja sumu ile. Mwenye dagaa pembeni ya ugali anajilinda bila kujua.

Sasa sikilizeni konzo ilivyoenea huko Bandundu. Haikuletwa na ukame peke yake. Ilisaidiwa na barabara. Barabara ya kutoka Kinshasa kwenda Kikwit ilipotengenezwa, malori yakaanza kufika kununua muhogo. Ni jambo jema, pesa imekuja. Lakini lori halisubiri siku tatu. Muhogo uliokuwa unalala majini siku tatu ukaanza kulala usiku mmoja, na ule wa kuliwa nyumbani ukafuata mwendo huo huo. Kijiji kilikuwa kinapata pesa huku miguu ya watoto inafungwa.

Mwaka 1981, kaskazini mwa Msumbiji, mkoa wa Nampula, ukame uliua mazao yote ukauacha muhogo mchungu. Zaidi ya watu 1,000 walipooza. Katikati ya miaka ya 1980 konzo ilionekana pia Tarime, mkoa wa Mara hapa Tanzania. Na miaka ya karibuni zaidi ilipatikana kwa wakimbizi wa Jamhuri ya Afrika ya Kati walioko mashariki mwa Kameruni. Mnaona inavyofuata njia ya njaa na ya ukimbizi.

Basi, kubana matumizi maana yake nini? Kwa historia hii mimi nasema hivi: bana kila kitu, lakini usibane muda wa muhogo, na usimwache ugali peke yake. Ugali ni mfalme anayehitaji mlinzi. Mlinzi anaweza kuwa mdogo: kiganja cha karanga, kijiko cha dagaa waliotwangwa, kikombe cha mbaazi.

Sasa tuingie jikoni. Chukueni kalamu.

La kwanza, unga wa muhogo. Umenunua sokoni na hujui ulirowekwa siku ngapi. Kuna njia iliyobuniwa na mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury, na kina mama wa kijiji cha Kay Kalenge huko Bandundu wakaanza kufundishwa mwaka 2010. Haihitaji kuni wala pesa. Weka unga kwenye beseni, weka alama ulipofikia. Mimina maji kidogo kidogo huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama yako, acha kumimina. Utandaze kwenye mkeka safi au sinia, unene usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka hewani. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo, usiulaze. Hii haichukui nafasi ya kuroweka. Inaongeza ulinzi pale usipokuwa na uhakika.

La pili, sombe. Hii ni mboga ya maskini yenye utajiri, maana majani ya muhogo yana protini ambayo mzizi wenyewe hauna. Yatwange sana, usiyakatekate tu kwa haraka. Kutwanga ndiko kunakofungua sumu ili itoke. Kisha chemsha bila kufunika sufuria, mvuke uende zake. Ukiwa na karanga za kusaga, tia mwishoni. Hapo mlinzi wa ugali amepatikana.

La tatu, uji wa mtoto na kimea. Tumbo la mtoto mdogo ni kama kikombe. Ukimpa uji mwepesi, amejaa maji. Ukimpa mzito, hawezi kumeza. Bibi zetu walijua dawa yake kupitia ulezi ule ule wa zamani, kabla ya mahindi. Loweka ulezi usiku mmoja, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike mpaka ukauke vizuri, uusage. Hicho ndicho kimea. Pika uji mzito, uipue, upoe kiasi, tia kijiko kimoja cha kimea ukoroge. Utashangaa: uji mzito unakuwa mwepesi mbele ya macho yako bila kuongeza maji, na unga wote umo ndani. Urudishe motoni uchemke tena, kisha mpe mtoto. Miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania waliichunguza kimea hii na kuona kwamba bibi walikuwa sahihi.

La nne, kinywaji. Soda moja kwa watoto watano ni ugomvi. Pika uji, uache upoe, tia kimea, funika mahali safi mpaka kesho yake. Utakuwa mtamu wenye uchachu kidogo. Watanzania wanauita togwa. Bado si pombe, na watoto wanaunywa. Uchachu wake huzuia baadhi ya vijidudu vinavyoleta kuhara. Lakini nawe osha mikono na chombo, na ukikaa sana ukaanza kutoa povu na harufu ya kilevi, huo si wa mtoto tena. Na onyo moja: nilitaja chokaa ya Meksiko. Msichukue chokaa ya kupaka ukutani mkatia kwenye mahindi. Wale walikuwa na chokaa yao na vipimo vyao. Sisi tutumie njia yetu: dona na karanga.

Wapenzi wasikilizaji, nimalize na jambo linalonigusa mimi na rika langu. Wengi wetu tulizaliwa kambini au tuliletwa mgongoni. Unga kwetu unatoka kwenye gunia. Hatujawahi kwenda mtoni kutoa muhogo siku ya tatu. Hatujui kwa kubonyeza ni upi umeiva na upi bado. Siku moja, Mungu akipenda, tutarudi Fizi, Uvira, Makamba, Ruyigi. Msimu wa kwanza hatutakuwa na ng'ombe wala akiba. Tutapanda kile kisichoibiwa: muhogo mchungu. Na tutakuwa na njaa, na njaa haina subira ya siku tatu.

Mahindi yaliondoka Meksiko bila siri yake, watu wakafa kwa miaka 200 kwa sababu tu hakuna aliyeuliza mama wa kule alikuwa anafanya nini na chokaa. Sisi tunao hao mama. Wako humu kambini, wamekaa mlangoni, na wengine umri umekwenda. Kwa hiyo wiki hii nawapa vijana kazi. Nenda kwa bibi yako, au bibi wa jirani kama wako hayupo. Mwamkie, kaa chini, mwulize: Bibi, kwenu muhogo mlikuwa mnauroweka siku ngapi, mnajuaje kwamba umekwisha iva, na mlikuwa mnaula na nini? Andika kwenye daftari la shule. Ukipata njia ambayo hatujaitaja leo, tuletee hapa, tutaisoma hewani pamoja na jina la kijiji chake.

Mimi ni mtangazaji wenu. Tukutane wiki ijayo.

[Muziki wa kipindi unapanda. Mwisho.]